Utajua Mwenyewe

Mama yangu ni mtu wa Tanga, na yeye akikasirika hapigi kelele. Sauti inashuka, maneno yanapungua, na anayemjua anaanza kutafuta pa kukimbilia. Mimi sikujua mambo hayo. Nilikuja Sydney mdogo mno, nikakulia mtaa wa Lidcombe, na Kiswahili changu kilikuwa cha kusikia tu. Ananisemesha kwa Kiswahili, namjibu kwa Kiingereza, siku zinakwenda.

Nilipomaliza sekondari nilipata nafasi ya kusoma famasia moja kwa moja. Wengine wanasoma shahada nyingine kwanza, ndipo waombe hiyo. Mimi ningetoka shule, niingie chuo, nitoke mfamasia, basi. Mama, ambaye kazi yake ni kutunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee karibu na kwetu, alifurahi hadi akazidisha chumvi kwenye mboga. Akapiga simu Tanga. Mama mdogo kule tayari alikuwa ananiita "daktari wetu wa dawa".

Tatizo lilikuwa mimi. Niliogopa. Kemia niliipenda kweli, lakini kila nikifikiria kujifunga na kitu kimoja katika umri ule, nilitamani kukimbia. Wenzangu shuleni walisema watapumzika mwaka mmoja, wafanye kazi, wajitafute. Nami nikataka kujitafuta, sijui nilikuwa nimepotelea wapi! Na niseme ukweli: sikutaka kuikataa nafasi ile. Nilitaka mtu anisukume. Neno moja la mama lingetosha.

Siku ya mwisho ya kujibu ilipokaribia, nilimfuata jikoni mchana. Alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu: niikubali, au niiache? Mikono yake ikasimama juu ya sinia. Hakunitazama. Akasema polepole, "Utajua mwenyewe."

Jamani. Wewe unayesoma hapa maana yake unaijua. Mimi nilichukua neno kwa neno: nitajua, mimi mwenyewe. Nikasema moyoni, lo, mama ananiamini! Wenzangu wanachaguliwa hadi soksi, mimi wangu anasema nitajua mwenyewe. Machozi yakanilengalenga. Nikamkumbatia kwa nyuma, nikambusu shavuni, nikamshukuru. Akakauka kama gogo. Nilidhani ni furaha.

Nikaikataa nafasi. Nilipanga mwaka mmoja tu, halafu niombe tena. Nikapata kazi Wetherill Park kwenye ghala la dawa, maana nilijipa moyo kwamba angalau nitakuwa karibu na dawa. Makubwa! Niko karibu nazo hadi leo. Nazipanga kwenye maboksi, zinakwenda kwa wafamasia. Mwaka ulipoisha nikasema mwakani, na mwakani ikazaa mwakani nyingine. Mama hakuniuliza kitu, nami ukimya ule nikauhesabu kuwa ni heshima.

Kiswahili nimejifunzia ghalani. Kuna Wakongo, Warundi, Wakenya, na kinachotuunganisha ni lugha hiyo. Wananicheka ninavyovuruga ngeli, nami nawacheka zao. Msimamizi wetu ni mama mmoja wa Morogoro, mdomo wake hauna breki. Mwaka jana, wakati wa chai, mwanawe alimpigia simu kumwambia anataka kuacha chuo. Yule mama akasikiliza, sauti ikashuka, akasema, "Utajua mwenyewe," akakata.

"Mama, unamwamini sana mwanao," nikamwambia. "Hata mama yangu aliniambia hivyo hivyo."

Akanitazama kama nimeota pembe. "Nimwamini? Ewe binti! Nimemchapa hapo! Hiyo ni kumwambia fanya upumbavu wako, ukiumia usije kwangu. Sasa hivi anatetemeka huko aliko. Subiri, atapiga kuomba radhi."

Chai haijaisha, simu ikalia. "Si nilikwambia!" Meza nzima ikacheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia.

Jumamosi ya wiki ile tulikuwa uani na mama tunaanua nguo. Nikamuuliza, safari hii kwa Kiswahili, "Mama, siku ile ya famasia, uliposema nitajua mwenyewe, ulikuwa umekasirika?"

"Kukasirika? Nilikuwa nawaka! Mtu kafunguliwa mlango, anauliza aingie au asiingie! Halafu ukanibusu. Nikasema, mtoto huyu ana kiburi, ananikebehi." Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Nikakungoja. Kwetu mtoto akiambiwa hivyo anarudi, anabembeleza, mama usikasirike, nifanyeje? Hapo ndipo ningekwambia. Kila nikisikia mlango wa chumba chako nasema, huyo anakuja. Hukuja."

"Nami nilikuwa nangoja useme neno moja tu, mama."

"Neno gani?"

"Nenda."

Akageukia kamba. Tukaendelea na nguo zetu hadi kamba ikabaki tupu.

Iliniuma, na bado inaniuma. Heri tungegombana. Tulikuwa nyumba moja, tunataka kitu kimoja, kila mmoja anamngoja mwenzake. Na Kiswahili ambacho kingeniokoa pale jikoni nimekuja kukipata ghalani, ambako nisingefika kama ningekuwa nacho. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu kazaliwa, kakua, ananipita urefu. Mama wa Morogoro ananisukuma niombe kama mtu mzima, kwa njia ile ndefu. Labda nitaomba. Lakini ile ya moja kwa moja ni ya watoto wanaotoka shule, na mimi nywele za mbele zimeanza mvi.

Jumatatu iliyofuata Jumamosi ile, asubuhi, nilikuwa mlangoni navaa viatu vya kazi. Mama akaja na chakula changu, akanikabidhi, lakini mkono wake ukabaki juu ya kibakuli.

"Nenda," akasema, na sauti ikamkatika.

Nikainua kichwa. Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akajikaza, akasema tena, "Nenda, mwanangu. Utachelewa kazini."

Nikaenda.