Vilele Vitano vya Bu Sumirah

Kwa mwezi wa tatu mfululizo karatasi nyekundu ilibandikwa mlangoni mwa Bu Sumirah, na juu yake neno moja kwa herufi kubwa: BOROS. Mfujaji. Hapa Krajan, ambako mama huitwa Bu, mzee wa kiume Pak na kijana Mas, mwanamke anaweza kuitwa mkali, mwenye mdomo, hata mchawi, na maisha yakaendelea. Kumwita boros ni kumwambia kwamba alikabidhiwa nyumba aitunze, naye akaimwaga kama maji machafu. Na aliyeitwa hivyo alikuwa mjane wa miaka sitini na minne anayeosha mifuko ya plastiki na kuianika kambani, asiye na jokofu, na ambaye feni yake ya pekee iliacha kuzunguka tangu mvua za mwaka juzi.

Aliibandua karatasi kwa ukucha, akaikunja, akaiingiza jikoni chini ya kuni.

"Angalau kwa kuwashia moto inafaa," alimwambia jirani yake, Bu Tumini, aliyekuwa akichungulia juu ya uzio. "Kwa akili haikufaa hata kidogo."

"Lakini Bu, kweli una nini humo ndani? Au umeficha mwanamume mwenye kiyoyozi?"

"Nimeficha wawili. Wanapokezana."

Bu Tumini alicheka. Bu Sumirah hakucheka.

Karatasi hizo zilitokana na jaribio la kubana matumizi ya umeme ambalo ofisi ya mtaa ililipokea kwa makofi. Kila mita ilifungiwa kidude kinachotuma hesabu kila dakika, na kompyuta ikalinganisha nyumba zenye idadi sawa ya watu. Msomaji wa hesabu hizo alikuwa Mas Galih, kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa mtaa wa pili, mwenye shahada ya takwimu, adabu njema na viatu safi. Aligundua kwamba nyumba ya mtu mmoja inakula umeme wa watu watatu. Kwa kanuni za ofisi, nyumba iliyokuwa nyekundu miezi mitatu hukaguliwa, kifaa kinachofuja hukatwa, na sababu yake husomwa katika mkutano wa Jumapili mbele ya mtaa mzima.

Hapo ndipo palipomwuma Bu Sumirah, kwa kuwa sababu aliijua, na alikuwa ameapa kutoitamka.

Miaka tisa iliyopita mumewe, Wagiyo, fundi baiskeli, alichimba kisima nyuma ya nyumba. Akafunga pampu inayojiwasha yenyewe bomba linapofunguliwa, akapitisha mpira wa maji chini ya ukuta mpaka kwenye mabomba ya kutawadhia ya msikiti mdogo ulio upande wa pili, ambao umeme wake ulitosha taa na kipaza sauti tu. Miezi minne baadaye alilala asiamke tena. Kabla ya hapo alimwekea mkewe sharti moja. "Asijue mtu, Mirah. Ukiwaambia, umeninyang'anya thawabu."

Aliyejua mwingine alikuwa mmoja tu, Pak Haji Mukhlas, mweka hazina wa msikiti, kwa sababu ilibidi mtu aruhusu ukuta uchimbwe. Yeye aliitunza siri hiyo kwa uaminifu wa kutisha. Watu walipomshukuru kwa maji aliinamisha macho, akasema "Alhamdulillahi," akaacha shukrani zimwangukie. Na wiki ile ile ya karatasi ya tatu, kwenye mkokoteni wa mboga, mbele ya wanawake saba, alithubutu kusema:

"Bu Sumirah, punguza punguza televisheni basi. Ubadhirifu si mzuri kwa watu wa umri wetu."

Bu Sumirah alikuwa ameshika fungu la mchicha. Alilirudisha mkokotenini na kuondoka, kwa kuwa angelibaki angelimchapa nalo usoni.

Alhamisi, kabla ya alasiri, Mas Galih alifika kukagua. Alikaa ukingoni mwa kibaraza, akamfunulia kioo cha kompyuta yake ndogo.

"Tazama, Bu. Kuna kitu kinawaka mara tano kwa siku. Hivi hapa, vilele vitano. Cha kwanza alfajiri kabisa."

"Naviona."

"Halafu vinasogea. Dakika moja moja, kila baada ya siku chache. Maana yake, samahani, Bu, huna ratiba. Na Ijumaa mchana kinapanda mara tatu zaidi. Hapo nimeandika: kufua nguo."

"Kufua."

"Ndiyo, Bu."

"Mimi. Mwenye saruni tatu. Nafua kila Ijumaa adhuhuri, nguo za kikosi kizima."

"Hesabu hazidanganyi, Bu."

"Mas Galih, wewe unasali?"

"Nasali, Bu. Alhamdulillahi."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Tano."

Bu Sumirah alingoja. Alimpa nafasi ya kutosha kumenya ndizi na kuila. Uso wa kijana ulibaki mtupu kama sahani iliyooshwa.

"Watu wamekusomesha kwa jasho lao," alisema hatimaye, "wakakupa na mashine, ili uje kuniuliza hivi?"

Aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akazima swichi ya pampu kwa pigo la kiganja.

"Haya. Vilele vyako vimekwisha. Andika nimeongoka."

Adhana ililia. Mas Galih, kwa aibu asiyoielewa, aliomba ruhusa akaenda kusali. Pale mabombani alikuta wanaume kumi na wawili wamekunja mikono ya mashati, na Pak Haji Mukhlas akiligonga bomba kavu kwa kandambili. "Nitalishughulikia, nitalishughulikia," alikuwa akisema. Kijana alitazama bomba, akaufuata mpira kwa macho mpaka ulipozama chini ya ukuta, akatambua ni ukuta wa nani. Alirudi mbio, viatu mkononi.

"Bu... ni msikiti. Ni udhu!"

"Nyamaza."

"Lakini huu si ufujaji, Bu, hii ni sadaka! Lazima nirekebishe."

"Rekebisha ndani ya mashine yako. Mdomo ufunge. Ni amana ya marehemu, unasikia?"

"Nasikia, Bu. Naapa."

Bu Sumirah akaiwasha pampu. Wanaume walikuwa wanangoja, na hasira yake haikuwa juu yao.

Jumapili, mbele ya mtaa mzima, Mas Galih alivunja kiapo chake kwa machozi ya furaha. Alieleza kwamba fomu haikubali kuifuta nyekundu bila sababu. Kisha, badala ya kuandika lolote na kukaa, alionyesha vilele ukutani, akalitaja jina la Wagiyo, akataja miaka tisa. Watu walilia. Wa kwanza kusimama alikuwa Pak Haji Mukhlas.

"Mashaallah! Mimi nilijua siku zote."

"Ulijua," alisema Bu Sumirah, naye akasimama, "ukaniambia nipunguze televisheni."

"Miezi mitatu mmeniita boros nikameza, maana tusi lilikuwa langu. Kitendo hiki hakikuwa changu. Kilikuwa cha Wagiyo, peke yake, na mmekigawana hapa kama vitafunio vya mkutano." Akamgeukia kijana. "Na wewe ulikuwa afadhali ulipokuwa hujui."

Alitoka bila kuchukua karatasi ya kijani ya pongezi aliyoandaliwa.

Kamati ya msikiti ilitaka kuandika jina la marehemu juu ya mabomba. Alimwambia Pak Haji kwamba siku atakayoliona jina hilo pale, atakata mpira kwa panga na kisima atakifukia. Halikuandikwa. Maji yanatoka mpaka leo. Ila siku hizi kila anayemaliza kutawadha hupaza sauti kuelekea ukutani, "Asante, Bu Sumirah!" na upande wa pili dirisha hufungwa kwa kishindo.