Minazi Kumi na Tisa Isiyohesabiwa

Saa moja asubuhi, Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Zuleica Aiuba anabamiza nazi kwenye ncha ya kifuo, anaizungusha, kumbi linaachia. Yuko kazini tangu alipomaliza kusali alfajiri. Nazi si zake. Analipwa metikali mbili kwa kila moja.

"Mwenye kampuni, zangu tayari?" anauliza jirani yake, Josefina, akicheka.

"Kaa chini, shoga. Kampuni ina foleni."

Miaka minne iliyopita Zuleica, mjane wa miaka hamsini na mitatu, aliipa kampuni ya mafuta ya nazi minazi yake yote sitini. Ardhi ni ya serikali, lakini minazi ilikuwa yake. Hakupewa fedha, alipewa hisa mia tatu, kila moja imeandikwa metikali mia. Gawio hajaliona. Mwaka huu amejitoa, na mahakama imeamua alipwe thamani ya alichotoa.

Thamani gani? Hapo ndipo anapochoka.

"Nikiuliza minazi yangu ina thamani gani, kampuni inasema ya hisa zangu. Nikiuliza hisa zina thamani gani, inasema ya minazi yangu. Wananizungusha kama nazi hii."

Hesabu ya kampuni ni metikali elfu thelathini. Zuleica akiigawa kwa minazi yake sitini, ni mia tano kwa mnazi: bei ya nazi ishirini na tano sokoni.

"Nazi hizo mnazi wangu unazitoa kabla mwaka haujafika katikati," anasema.

Mwezi uliopita hakimu aliikataa hesabu hiyo. Hisa hizo haziuzwi popote, alisema, kwa hiyo bei iliyoandikwa juu yake haithibitishi kitu. Ipimwe minazi yenyewe, kama ilivyokuwa siku ya kukabidhiwa.

Zuleica alimshukuru Mungu. Kisha wakili wake, Valter, akafungua mkataba.

"Mama, hapa mbona ulisema minazi arobaini na mmoja?"

"Kumi na tisa ilikuwa haijazaa."

Mama yake alimfundisha asihesabu mnazi kabla haujazaa, usije ukapatwa na husuda. Leo hiyo kumi na tisa ndiyo inayozaa zaidi, na kampuni inasema iliipanda yenyewe.

"Adabu ya mama yangu, faida yao," anasema, na kumbi lingine linaruka.

Alhamisi hakimu atafika shambani. Zuleica ana ombi moja: atazame juu.

"Mnazi wa kwetu hauzai chini ya miaka sita. Wao wamekuja juzi, miaka minne. Hizo nazi zimetoka wapi?"

Atatangulia mbele ya hakimu na kuhesabu kwa sauti, mmoja hadi sitini, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Ameliombea wiki nzima.

"Mungu alikuwa anaijua idadi siku zote," anasema. "Sasa hakimu naye aisikie."