Spika Juu ya Dungu

Wasikilizaji wa kwanza wa albamu yangu walikuwa kwelea kwelea. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka kusoma mitandaoni kwamba kuna mtu wa Dar es Salaam aliyenivumbua, eti akanitoa porini. Porini wapi? Mimi ni mtoto wa majaruba ya mpunga ya Mpimbwe, na kurap nilijifunza nikiamia ndege.

Kuamia ni kazi ya kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti kinachosimama katikati ya shamba, ukapiga kelele tangu ndege wanapoamka mpaka wanapokwenda kulala. Na kwelea si mjinga. Ukimpigia ukelele uleule anauzoea, anatua, anakula huku anakutazama. Lazima ubadilishe: mara haraka, mara polepole, mara unyamaze kabisa kisha umpasukie akiwa karibu. Nilianza nikiwa na miaka saba, na kwa kuwa maneno ya adabu yaliisha upesi, nikawa nawatukana. Niliwatukana wao, mama zao na huko walikotoka. Nilipofika miaka kumi na minne matusi yangu yalikuwa na vina.

Mtu wa mjini huwa haelewi jambo moja. Bonde letu halina ua. Majaruba yamepakana, letu na la mzee jirani ambaye sote tulimwita babu, lake na la mjane mmoja, hivyo hivyo mpaka mtoni. Mpunga ukishatunga maziwa, kila dungu lazima liwe na mtu asubuhi na jioni, hadi siku ya kuvuna. Dungu moja likikaa kimya, ndege wanashukia hapo, wanashiba, wanaitana, na kesho wako kwa jirani. Kwa hiyo sauti yako bondeni si yako peke yako. Na hatutozani faini. Aliyeacha dungu tupu mpaka ndege wakavuka kwa wenzake, atapanda madungu ya wenzake hao na kuwaamia mpaka wavune. Niliwahi kumwona mwanamume mmoja akifanya hivyo, na mwaka mzima hakumtazama mtu machoni.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kupangiwa shule. Baba alishafariki, nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama. Tangu Desemba hadi Machi nilikuwa nakwenda Mpanda kurekodi kwa prodyuza mmoja aliyekuwa na studio nyuma ya saluni, kuta zimefunikwa magodoro, nikilala kwa mama mdogo kule Litapunga. Nyimbo nane. Mama aliniruhusu kwa sharti moja, na alilisema akiwa amenishika mkono ili nisijifanye sikusikia.

“Mpunga ukiingia ndani salama, imba unavyotaka, na wa kwanza kukupigia makofi nitakuwa mimi. Ukinitia aibu bondeni, usinitajie muziki tena.”

Aprili ikafika. Mpunga ulikuwa umetunga maziwa vizuri, na prodyuza akapanga kuachia albamu Ijumaa, halafu Jumamosi mchana niizindue katika ukumbi pale Mpanda. Jumatano ikaja simu kwamba mama mdogo amejifungua kwa upasuaji. Mama akafunga nguo zake kwenye khanga.

“Siku nne tu,” akaniambia. “Dungu lisilale.”

“Sawa, mama.”

Habari ya Jumamosi sikumwambia. Uongo wangu wote ulikuwa ndani ya hiyo sawa.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumwomba jirani. Jirani gani, wakati kila mtu ana dungu lake na koo lake moja? Isitoshe, kuomba kungekuwa kukiri, na mimi kukiri sikuwahi kupenda. Nikajipa akili. Prodyuza alikuwa ameniazima spika ya sola, ya aina ile wanayotumia wauza dawa ya panya mnadani, na kadi yenye nyimbo zangu zote nane. Nikaifunga juu ya dungu Ijumaa asubuhi, nikafungulia sauti mpaka mwisho. Kundi lililokuwa limetua likaruka lote kwa pamoja. Nilicheka peke yangu shambani. Nyimbo nane, mitindo minane tofauti, zinajirudia zenyewe kutwa. Nikajiambia kelele ya kubadilika ninayo. Mimi, niliyekulia juu ya lile dungu, nilijiambia hivyo.

Babu akaja mpakani, akaitazama ile spika muda mrefu.

“Mke wangu,” akasema, maana alikuwa akinitania hivyo tangu mdogo, “hicho kidude kinawaona ndege?”

“Hakina haja ya kuwaona, babu. Kinaimba tu.”

“Haya,” akasema, akarudi kwake.

Jumamosi nikapanda basi la alfajiri. Kufika saa saba mchana ukumbi umejaa wanafunzi, bodaboda wamezima pikipiki zao mlangoni. Nilipanda jukwaani nikiwa na fulana ya kuazima. Wimbo wa kwanza walinitazama. Wa pili wakaanza kutikisa vichwa. Wa tatu, ule niliotunga kwa mwendo wa kufukuza ndege, wakaurudia kiitikio kabla sijawafundisha, kwa sababu tangu jana ulikuwa unazunguka kwenye simu zao. Nilipiga kelele mpaka koo likawaka. Niliposhuka, prodyuza alinikamata mabega akanionyesha simu yake.

“Mdogo wangu, tumetoboa! Hawa redio ya Dar wanakutaka studio Alhamisi. Alhamisi hii hii! Unaelewa lakini?”

Sikuwa naelewa, kwa sababu nyuma yake nilikuwa nimeona mikono inayopiga makofi, na mikono hiyo naijua. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia tangazo kwenye redio kule Litapunga, akamwacha mdogo wake na jirani, akaja. Uso wake ulikuwa umejaa furaha niliyokuwa sijaiona tangu baba azikwe.

“Umeimba vizuri, mwanangu,” akasema. Kisha ile furaha ikaanza kuondoka, polepole, nikiiona. “Nani yuko dunguni?”

“Nimeweka spika, mama.”

“Nimekuuliza mtu.”

“Hakuna mtu.”

Akakaa juu ya kreti la soda. Hakunifokea. Bora angenifokea mbele ya wale watu wote, maana tusi lingenipa la kujibu. Alitoa simu akaanza kupiga kwa babu, kwa yule mjane, kwa kila mtu wa bondeni ambaye namba yake alikuwa nayo. Hakuna aliyepokea. Ilikuwa saa kumi na moja, na saa hiyo kila mtu bondeni yuko juu ya dungu anapiga kelele.

Basi la kurudi lilikuwa kesho yake. Tulipanda tukakaa kiti kimoja, yeye dirishani. Tukapita Sitalike, tukaingia mbugani, na huko ndani lori lilikuwa limezama kwenye tope likaziba njia. Saa mbili nzima tulikaa pale, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbung'o, joto linatupika. Kijana wa kiti cha mbele akanitambua. Akageuka, akapiga kelele, “Nyie, si ndiye huyu!” Wakawasha wimbo wangu kwenye simu, basi zima likaitikia, wakanipiga picha. Mama alikuwa akiangalia miti. Nilitabasamu kwenye hizo picha, na ukizitafuta leo utazikuta bado zipo, na huyo mwanamke aliyegeuza uso dirishani ndiye mama yangu.

Tulifika bondeni alasiri. Nilijisikia kabla sijaona kitu: sauti yangu mwenyewe, inajigamba kwa mbali, haijachoka, haijakatika hata kidogo. Spika ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Na kwelea walikuwa wametanda juu ya mpunga wetu mpaka masuke yameinama, wengine wamekaa juu ya dungu lenyewe, pembeni ya spika, wanajichokonoa manyoya.

Nilikimbia nikipiga kelele, lakini kelele haikutoka. Nilikuwa nimeimaliza Mpanda. Kilichotoka ni pumzi. Mama akaniacha nyuma, akaingia ndani ya maji ya jaruba na viatu vyake vya safari, akatoa sauti ambayo sikujua kama anayo, ndege wakanyanyuka, anga ikawa nyeusi, wakahamia kwa babu. Wala hawakwenda mbali. Walikuwa tayari wanaijua njia.

Kwetu yalibaki mapepe, maganda matupu, isipokuwa kipande cha chini karibu na mfereji. Kwa babu walikuwa wameramba upande mzima wa mpakani, na kwa yule mjane walikuwa wameanza. Jua lilipoelekea kuzama watu wa bonde walikuja, wakasimama pale tuliposimama. Hakuna aliyenitukana. Wote walikuwa wamekauka koo, kwa sababu siku mbili walikuwa wanapigana na ndege wao pamoja na wangu. Babu ndiye aliyesema, na hakuniita mke wangu.

“Kesho asubuhi mtaanzia kwangu. Jioni kwa mama huyu mjane. Mtakuwa mnapokezana hivyo mpaka tuvune.”

“Tumesikia, baba,” mama akajibu.

Wiki tatu. Nilihesabu hapohapo, nimesimama kwenye tope, na nilichokuwa nahesabu si mpunga. Nilikuwa nahesabu Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

Tulipofika nyumbani mama alianza kukoka moto. Nikasimama mlangoni, nikamwambia kwa ile sauti yangu ya pumzi kwamba redio nitawaambia hapana. Nilisema vizuri, kama mtu anayetegemea kukatazwa.

“Usiwaambie hapana,” akasema. “Nenda.”

“Na madungu?”

“Wamedai sauti. Hawakusema ya nani.”

“Mama, kosa ni langu.”

“Ni lako. Na ukikaa hapa wiki tatu, hao watu watakuwa wameshamwita mwingine. Mimi hakuna anayeniita mahali.” Akapuliza moto. “Lakini nilikwambia usinitajie muziki, na sijabadili. Nenda kaimbe, ila mimi usinitajie.”

Hapa ndipo mtoto mwenye haya angekataa. Ningeweza kukaa. Ningeweza kupanda dungu la babu kesho yake na kupiga debe kama koo limegoma. Nimewahi kuwaambia watu kwamba mama alinilazimisha kuondoka, na ni uongo. Nilifurahi. Nilipanga nguo zangu nikiwa nimempa mgongo ili asione kwamba nimefurahi.

Alhamisi nilikuwa Dar, ndani ya studio yenye kiyoyozi. Mtangazaji alinitambulisha kama binti wa porini, nikacheka naye. Akasema amesikia mtindo wangu ni wa kufukuza ndege, je, naweza kuwaonyesha wasikilizaji? Sauti ilikuwa imerudi. Nikapiga ule ukelele wa kukatiza, nikanyamaza, nikapasua. Studio nzima wakasimama wakapiga makofi. Ilikuwa asubuhi, saa mbili hivi, na saa mbili za asubuhi ndege bado hawajashiba. Kile kipande cha video ndicho kilichoniweka kwenye kila simu ya nchi hii. Kabla ya wiki kuisha nilikuwa na onyesho Mwanza na jingine Dodoma, na watu niliokuwa nawasikia redioni tangu mtoto wakawa wananiita mdogo wao.

Nyumbani nilipiga simu kila siku. Mara haikupokewa, mara ilipokelewa na mtu yeyote aliyekuwa karibu, maana mama alikuwa akiacha simu chini ya dungu ili isilowe. “Yuko juu,” wananiambia. Kwa babu, kwa mjane, tena kwa babu. Salamu zake zilikuja kupitia kwao: anaendelea vizuri, nisihangaike, nile. Sikuhangaika sana. Nilikuwa na mambo mengi, na nasema hivyo nikiona aibu.

Lazima niseme pia kwamba kanisani kwetu mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, tangu mimi nikiwa mgongoni mwake. Padre akimaliza sala, watu wote hunyamaza kumngoja yeye.

Mwisho wa mwezi wa tano, Jumapili moja mchana, nikapiga tena, nikijua wameshavuna. Simu ikapokelewa mara moja, na sauti iliyosema haloo ilikuwa nzito, imekwaruzika, ya mzee.

“Shikamoo, babu,” nikasema. “Naomba unipe mama.”

“Marahaba,” ile sauti ikajibu. “Ni mimi, mwanangu.”

Nilikaa chini pale nilipokuwa, kwenye ngazi za hoteli. Akaniambia mpunga wa babu umeingia ndani, wa mjane umeingia, bonde lote limevuna na hakuna mwenye neno na sisi. Ilimchukua muda kuyasema hayo. Kila baada ya maneno machache alisimama kuvuta pumzi. Nilimwambia sauti itarudi, anywe asali na tangawizi. Akasema amekunywa. Nikamuuliza kama leo alikwenda kanisani.

“Nilikwenda,” akasema. “Nilikaa kule nyuma, na wanaosikiliza.”