Jembe Lililomkatikia Jirani

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Makere nikakuta ndugu zangu wanachimba shimo la choo pale palipokuwa na nyumba ya babu. Vijana wa kuchimba wakawa wanatupa juu mawe meusi, mazito, yenye matundu matundu. Mmoja akaniuliza, "Mama, haya mawe ya wapi?" Nikamwambia si mawe, ni mavi ya chuma, taka iliyokuwa inabaki wazee wakiyeyusha udongo kutoa chuma. Wakacheka, wakidhani nawatania. Nikawaacha, nikaenda kukaa mgombani peke yangu.

Babu alikuwa mfua vyuma. Kama hukuwapo kwetu Kasulu miaka ile ya sabini, ndugu yangu, sijui nikuelezeje zile asubuhi. Ukungu umelala mabondeni, bibi anapuliza moto wa viazi huku anaulaani kwa kutoa moshi mwingi, na kule nyuma ya migomba mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, inaanza kuhema. Halafu nyundo. Mimi nilikuwa nampelekea babu ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na siku nyingi yalifika yamepungua. Kibandani mwake kulinuka makaa na jasho, na ukikaa humo kidogo tu unatoka na masizi puani. Nilipapenda kuliko shule.

Kuyeyusha udongo kulikwisha zamani, enzi za baba yake. Babu yeye aliishi kwa chuma kilekile kilichokuwa kinazunguka kijijini. Jembe lako, isuka kwa Kiha chetu, likiisha makali hulitupi. Unalirudisha kwake. Analitia motoni, analifua, analichovya majini, unaondoka nalo. Likiisha kabisa, analiunganisha na chakavu lingine, yanakuwa jembe moja jipya. Kipande kinachobaki kinakuwa kisu, na kisu nacho kikichoka kinakuwa sindano ya kusukia vikapu. Sikuwahi kuona chuma kimetupwa kwetu utotoni, hata cha ukubwa wa kidole. Wanawake walikuja wamejitwika majembe yao, na babu aliyapokea kwa maneno: "Ninyi mnalima mashamba au mnalima mawe?" Nao wakamjibu vibaya, kicheko kikawa juu.

Basi yakaja majembe ya kiwandani. Mwenye duka mmoja pale Kasulu mjini, mzee wa kofia nyeupe, aliyatundika mlangoni yamepakwa rangi, yote yamelingana, na karatasi bado zimebandikwa. Nisiseme uongo, yalikuwa mazuri. Mepesi, makali, hungoji mtu akufulie. Bibi mwenyewe, mke wa mfua vyuma, nilimwona amesimama pale dukani analipapasa moja. Aliponiona akanifinya sikio. "Ukamwambie babu yako uone!"

Babu hakuchukia. Alisema na hayo yatakwisha makali, yatakuja tu.

Na kweli la kwanza likaja. Lilikuwa la jirani yetu, mama mjane mwenye watoto wadogo, ambaye shamba lake lilipakana na letu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshagusa, watu wanaandaa mbegu za maharage, na duka lilikuwa limeishiwa majembe. Akaleta lake kwa babu, kama ilivyokuwa desturi. Babu akalifanya vile alivyoyafanya majembe yote maishani mwake: moto, nyundo, maji. Likalia majini, likatoka linang'aa. Jirani akashukuru kwa kupiga magoti, akaenda nalo.

Siku ya kupanda likamkatikia. Pigo moja kwenye mzizi, vipande viwili.

Alikuja kibandani amevifunga kwenye kanga, na hakupandisha sauti. Afadhali angetukana. "Mzee, isuka imenikatikia," alisema, akavifungua. Babu akakishika kipande, akakitazama pale palipokatika. Palikuwa na chembechembe zinazometa, kama chumvi. Jembe la babu lilikuwa likikosea linapinda. Kukatika? Hapana.

"Nimekukosea, mama," babu akasema. Akaingia ndani, akatoka na jembe la bibi, alilomfulia kwa mkono wake, akampa.

"Na mimi nilime kwa kucha?" bibi aliuliza. Babu akarudi kukaa penye makaa yake, naye bibi akaenda zake bila kugomba. Kwa bibi yangu hilo lilikuwa jambo geni.

Habari ikatembea. Hakuna aliyemsema vibaya babu, la hasha, walimhurumia, na huko ndiko kulikommaliza. Walisema mzee amechoka. Mkono umezeeka, macho hayaoni tena rangi ya moto. Akawa anakoka makaa asubuhi, anakaa kwenye kigoda chake, anatazama njia. Nikimpelekea chakula namkuta ameuinua mkono wa kulia mbele ya uso wake, anaukunja na kuukunjua. Akanionyesha siku moja. "Unatetemeka?" Nikamwambia hautetemeki. Hakuniamini.

Baba yangu alikuwa karani Kibondo. Alipokuja likizo alimletea babu zawadi ya jembe la dukani, bila nia mbaya, maskini. Babu akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Akaligeuza, akauliza, "Likiisha nalirudisha kwa nani?"

"Halirudishwi, baba. Linatupwa."

"Linatupwa wapi?"

Baba alitaka kucheka, akaona uso wa mzee, akaacha. Kesho yake babu akaenda kulima nalo. Hakuwasha moto tena. Ngozi za mivukuto zililiwa na panya, kibanda kikaanguka mvua za mwaka uliofuata, na majembe mabovu yakaanza kuonekana vichakani, yameshika kutu. Babu akafa, wala hakuna aliyetaja habari za vyuma msibani.

Miaka mingi baadaye nikiwa mtu mzima, gari tulilosafiria liliharibika njiani, tukakaa kwenye gereji moja. Fundi alikuwa anamkaripia kijana wake aliyechukua chuma cha springi kikiwa chekundu akakitumbukiza kwenye maji. "Hicho si chuma laini! Ukikizima majini kinakuwa kama kioo, kitakatika!" Nikamwomba arudie maneno hayo. Akanieleza vizuri, kwa upole, akidhani mama huyu ana udadisi tu. Chuma cha kiwandani kimekazwa kwa namna yake, na maji yaleyale yasiyodhuru chuma cha zamani hukiua hicho.

Nililia pale gerejini mbele za watu, nisione hata aibu. Walituletea yale majembe hadi Kasulu, wakapata wateja wao, na hakuna hata mmoja aliyefika kwa wafua vyuma kuwaambia maneno hayo machache. Haukuwa mkono wake. Mkono wa babu yangu ulikuwa mzima kabisa, na yeye alikufa akiuonea aibu.