Hoja Nyepesi

Mimi nina mdomo, na sijawahi kuuombea msamaha. Waliokaa nami kwenye mikutano ya kijiji chetu wameshaniita kimbelembele, mjuaji, mama lawama. Nikisimama kusema jambo, jambo lenyewe nalo linapewa jina lake: upuuzi, vijimambo, porojo za wanawake. Mwenyekiti wetu ni mstaarabu, hatumii maneno hayo. Yeye anasema "hoja nyepesi", anatabasamu, anageukia mwingine. Bora hata wale wa upuuzi, maana unajua kabisa kwamba umetukanwa.

Hoja yangu ilikuwa gogo. Kijiji chetu kimekatwa katikati na kijito, na chini kule bondeni watu walikuwa wanavuka kwa gogo moja lililolala pale tangu sijaolewa. Huku Rungwe mvua haina likizo, kwa hiyo gogo lile lilikuwa linateleza mwaka mzima. Wanaume wengi hawakulijua vizuri. Wao wanapanda bodaboda, wanazungukia barabara ya juu. Gogo lilikuwa la wanawake wanaopeleka maziwa alfajiri na kupeleka ndizi gulioni.

Mama yangu alianguka pale na ndoo yake ya maziwa. Hakuvunjika, lakini nyonga haikurudi kama zamani, na tangu siku ile hakutia tena mguu kwenye gogo. Bodaboda nayo hawezi kuipanda, hiyohiyo nyonga inakataa. Na ng'ambo ya kijito anakaa dada yake, mama yangu mkubwa, ambaye miguu imekwisha, haendi mbali na mlango wake. Wazee wawili, kila mmoja anauona moshi wa jiko la mwenzake, basi. Mimi nashona nguo mjini Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, na kila nikija nyumbani mama ananituma ng'ambo nikamsalimie. Nikirudi anauliza, "Amesemaje?" Nikimjibu kwamba amesema hajambo, ananinunia, kana kwamba mengine nimeyala njiani. Iliniuma. Nilikuwa naona dada na mdogo wake wanazikwa hai, kila mmoja upande wake, kwa sababu ya mti uliooza.

Nilichotaka ni mbao chache na ufito wa kushikia pembeni. Nikaipeleka hoja hiyo mkutanoni. Sasa mikutano yetu ina ajenda zake, zile nzito za barabara na ofisi, halafu mwisho kabisa inakuja "Mengineyo". Mambo ya wanawake yanakaa huko. Mpaka mfike, wingu limeshashuka kutoka mlimani, watu wanafungua miavuli, na mwenyekiti anasema, "Mama, hiyo ni hoja nyepesi, tumeichukua." Mkutano uliofuata wakaichukua tena. Sijui walikuwa wanaipeleka wapi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho wanawake tunapewa bila kuomba, nacho ni sala ya ufunguzi. Kila mkutano ni lazima mama mmoja afungue kwa sala, kisha akae kimya mpaka jioni. Siku ile mwenyekiti hakumaliza hata kuuliza nani atatuombea, nikawa nimeshasimama. Alifurahi, maskini. Kofia zikavuliwa, macho yakafumbwa.

"Baba," nikasema, "tunakushukuru kwa mvua, na kwa kijito ulichokiumba wewe. Gogo lililo juu yake hukuliweka wewe, na unajua kwamba limeoza. Unamjua mama yangu, ulimwona akianguka. Unamjua dada yake anayemngoja. Waguse wanaume hawa walio mbele zako, wenye misumeno nyumbani na mikaratusi mashambani. Mmoja atoe mti, mwingine atoe siku yake. Na yule anayeona haya ni mambo madogo, Bwana, mvushe pale asubuhi moja, mkungu wa ndizi kichwani."

Mtu mmoja akakohoa. Akohoe tu, huku kwetu hakuna anayekatiza sala. Nikamaliza kwa amina, wanawake wakaitikia kwa nguvu, na wanaume wafanyeje, wakaitikia nao.

Mwenyekiti akapapasa karatasi zake. "Mama, hiyo ilikuwa sala au hotuba?"

"Sala, mwenyekiti. Na amina yako nimeisikia."

Watu wakacheka, naye akacheka kwa shida. Baadaye wengine walinisema kwamba nimemfanyia Mungu mchezo. Waseme. Kila neno nililitoa moyoni, na sala zangu za kanisani si zote ninazoweza kuzisemea hivyo.

Jumamosi wanaume walikuja na mbao. Mmoja wao, anapigilia misumari, akaniambia, "Yaani kazi yenyewe ndogo hivi, mlikuwa mnalalamika nini muda wote?" Nikameza jibu langu. Alikuwa ameshika nyundo, na sikutaka aiweke chini.

Kesho yake baada ya ibada nikamshusha mama bondeni. Alishika ufito kwa mikono miwili, akavuka polepole, hataki nimshike. Dada yake alipomwona akasema, "Ndaga, ndaga," salamu yetu ya Kinyakyusa, na mimi nikajiandaa kwa machozi. Wala. Walikaa wakaanza kusimuliana. Kuku aliyeatamia chini ya kitanda. Sufuria lililoazimwa likarudi bila mfuniko. Maharage ya mke wa jirani, yasiyoiva hata uyachemshe kutwa. Walizungumza hayohayo mchana mzima, wanacheka mpaka wanashikana magoti, na hapo nikajua mama alikuwa na njaa ya nini. Hakuna salamu ningeweza kuibeba ikawa hivyo. Niliona hasira yangu yote ilikuwa halali.

Wingu lilipoanza kushuka nikasimama. "Mama, twende, mvua hiyo inakuja."

Mama hata hakunitazama. "Inyeshe," akasema. "Daraja si lipo?"