Salamu za Mama Kulwa

Enzi zetu pale Mwanza, mtu alikuwa hajawa mtu mpaka atajwe redioni. Ninyi wa siku hizi, mnaopiga picha chai kabla ya kuinywa, hamwezi kunielewa, na wala siwaandikii ninyi. Nawaandikia wenzangu walioanika betri juu ya mawe ya mtaa wetu wa Mabatini ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari, wakazing'ata kwa meno zilipokaribia kufa, na wakachapwa kwa kosa la kufunga waya wa antena kwenye kamba ya nguo za mama.

Kwa miaka yote tulikuwa na redio moja, ya serikali, iliyotupa hotuba, bei ya pamba, na hotuba tena. Halafu ikaja ruksa. Ruksa mitumba, ruksa sabuni za kunukia, ruksa viwanda vya samaki vilivyopeleka minofu ya sangara Ulaya na kutuachia sisi mapanki, yaani kichwa na mifupa, tukaange na tushukuru. Na kweli tulishukuru, tulinyonya ile mifupa mpaka paka wakatuchukia. Mwisho ikaja ruksa ya redio. Tajiri mmoja wa Nyamagana aliyekuwa anauza magodoro akaamka siku moja akiwa mwenye kituo cha redio, ghorofani, juu ya duka lake lile lile. Kilijiita Sauti ya Mawe. Kuta za studio walizibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na walioziona wakaja kutangaza mtaani kwamba tajiri anafuga kuku huko juu.

Matangazo ya biashara yalikuwa ya godoro tu. Godoro baada ya wimbo, godoro kabla ya mahubiri. Hata tanzia hazikupona. Utasikia marehemu atazikwa kesho Misungwi, ndugu wote mnaombwa kufika, na kabla hujajua kama ni ndugu yako, inadakia sauti nyororo ya kike: "Lala fofofo, godoro ni letu!" Na watu walicheka msibani, Mungu atusamehe.

Mtangazaji mkuu alijiita Eddy Mtamu. Kwao ni Usagara, hapo hapo nje ya mji, na mama yake tulimjua, aliuza viazi vitamu pale njia panda. Eddy alikwenda Dar es Salaam likizo moja tu, akarudi ameota ulimi mpya. Kila neno alilivuta kama mtu aliyezaliwa Kariakoo, na sisi washamba wa kandokando ya ziwa tukatoa macho. Lakini akichangamka kidogo tu, Usagara ilimponyoka. "Wasikilizaji, tunaendelea na buludani!" Shuleni tulimwiga mpaka mwalimu wa Kiswahili akakata tamaa na sisi.

Kilichotutia wazimu hasa ni kipindi chake cha salamu cha jioni. Ulinunua kadi dukani kwa Mangi, ukaandika majina ya unaowasalimia, ukaweka na ujumbe, kisha ukaipeleka kituoni. Saa ya salamu ikifika, Mabatini nzima ilinyamaza, hata walevi. Mwalimu wetu wa hesabu alipotajwa, kesho yake aliingia darasani bila fimbo. Bombani wanawake hawakuulizana tena habari za watoto, waliulizana, "Wewe umeshatajwa?" Asiyetajwa aliinama akajifanya anasuuza ndoo.

Baba yangu alikuwa bingwa wa salamu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu kule Nyakato, upande wa barafu, kwa hiyo redioni alijiita Profesa Barafu. Hakuwahi kufika kidato cha kwanza, lakini nani angemuuliza? Profesa Barafu alimsalimia msimamizi wake, akamsalimia mlinzi wa getini, kinyozi, mwenye nyumba wetu, na Mangi aliyemuuzia kadi yenyewe. Siku moja alimsalimia mbwa wa mlinzi, kwa jina.

Mama hakumsalimia hata mara moja.

Mama alikuwa anakaanga mapanki nje ya mlango wetu, redio kwenye kigoda, moshi machoni. Alitamani kutajwa. Hakuficha. Kipindi kikianza aliepua karai ili mafuta yasipige kelele, akakaa na kijiko mkononi mpaka jina la mwisho lisomwe, kisha anarudisha karai motoni. Samaki wa saa hiyo walikuwa wanaungua mara nyingi, na wateja walinung'unika.

"Baba Kulwa," alimwambia jioni moja, "hata mbwa?"

"Wewe si nakuona kila siku?" baba akajibu. "Salamu ni za watu wa mbali."

Mangi alikuwa mlango wa tatu kutoka kwetu.

Basi chakula kikaanza kubadilika. Mboga leo haina chumvi, kesho ina chumvi ya wiki nzima. Baba si mjinga, akaelewa. Jioni moja, baada ya orodha yake ya kawaida ya wakubwa na walinzi, tukamsikia Eddy anasoma: "Na salamu za pekee ziende kwa Mama Kulwa wa Mabatini. Ujumbe anasema, upishi wako siusahau!" Mama aliruka. "Mayu wane!" alipiga kelele kwa Kisukuma, akimwita mama yake aliyekwisha kufa, akafuta mikono kwenye kanga na kusimama wima kama anasubiri kupigwa picha.

Furaha ile haikufika mbali. Wenyeji mnajua, Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuata ni Shija, ambaye ndiye mimi. Wasukuma tuliijaza Mabatini, na pacha tulijaliwa kwelikweli. Mama Kulwa walikuwa kila kona. Asubuhi mapema Mama Kulwa wa cherehani, mjane kijana mwenye mwanya, alipiga hodi kwetu amevaa kitenge kipya.

"Shemeji, asante kwa salamu," alimwambia baba huku anachezea ncha ya kitenge. "Kumbe yale maandazi uliyapenda?"

"Maandazi gani?" mama akauliza.

"Ya... ya kwenye ule msiba," baba akasema.

Kabla hatujajua ni msiba upi, mume wa Mama Kulwa mwingine, wa karibu na reli, akafika amekunja mikono ya shati. Alitaka kujua mke wake amempikia lini Profesa Barafu. Profesa alijieleza mpaka jasho likamtoka, yeye mtu wa barafu.

Walipoondoka, mama hakugombana. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Baba Kulwa, mimi nina jina. Nenda ukalitaje."

"Jina la mke wangu lichezewe mdomoni na mtoto wa Usagara? Watu watasemaje?"

"Sikuolewa nikiitwa Mama Kulwa."

Sisi watoto tulitazamana. Hatukuwahi kulifikiria jambo hilo. Doto alininong'oneza kwamba jina la mama ni Mama, na akaapa.

Siku chache zilipita. Jioni moja mama alivaa nguo zake za Jumapili, akamkabidhi Kulwa karai, akasema anafika mjini mara moja. Baba alirudi kutoka kazini, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto kama kawaida yake, maana barafu ya kiwandani ilikuwa inamla vidole, akawasha redio.

"Leo tuna mgeni laivu studio!" Eddy Mtamu alikuwa anapayuka. "Mambo vipi, maza?"

"Marahaba," ikajibu sauti ya mama.

Kulwa aliangusha kijiko. Doto alikwenda kuchungulia nyuma ya redio.

"Haya maza, salamu zako ziende kwa nani?"

"Ziende kwa Veneranda Nyamizi binti Masanja, mzaliwa wa Magu, anakaa Mabatini."

Baba alitoa miguu kwenye beseni.

"Safi sana! Ziende kwa Venelanda..."

"Veneranda, mwanangu. Kule Dar hawakukufundisha?"

Eddy alikohoa. "Na huyo Veneranda ni nani wako?"

"Ni mimi."

Eddy akacheka, kicheko cha Usagara kabisa. "Sasa mama, mtu anajisalimiaje mwenyewe?"

"Wewe si unajisifu humo ndani kutwa nzima? Mimi najisalimia tu. Kadi nimenunua kama wengine."

"Haya mama. Ujumbe?"

Mama akasema polepole, kwa ile sauti aliyokuwa anawaamkia wagonjwa: "Hujambo, Veneranda. Pole na kazi."

Wakapiga tangazo la godoro.

Mimi nililia. Sikujua nalia nini, nilikuwa mtoto, nililia tu. Baba aliirudisha miguu kwenye maji yaliyokwisha kupoa, akakaa hivyo hivyo mpaka mama akaingia. "Umerudi," akamwambia, kisha akajikakamua kama mtu anayejaribu uji wa moto, "Veneranda." Mama akaitika, "Abee." Baba alijitahidi kwa siku kadhaa, asiseme mtu kwamba hakujitahidi, halafu Mama Kulwa likarudi, na likakaa mpaka tulipomzika mama. Bombani walimbandika jina la Mjisalimia. Aliliitikia kwa raha zote, akasema hilo angalau ni la kwake peke yake.

Siku hizi mnajisalimia wote na hakuna anayewacheka. Mnajitakia wenyewe heri ya kuzaliwa, mnajiitikia amina, mnajipigia na vigelegele vya vidole. Mwanamume anaandika kwenye simu "malkia wangu" watu elfu wasome, na malkia yuko jikoni hajaulizwa ameamkaje. Sauti ya Mawe imehamia jengo la vioo, na watangazaji wake kutwa nzima wanabishana nani kaachana na nani, wakipumzika wanatufundisha kubeti. Kipindi cha salamu walikwisha kukifuta. Eddy Mtamu ni mheshimiwa diwani, na kila kampeni zikianza anawaambia wananchi "habali zenu" kwa makusudi kabisa, ili wajue ni mwenzao.

Na mimi ninayewacheka nina langu. Mwezi uliopita mume wangu, msomi, mtu wa kompyuta, aliisahau simu yake ndani ya nyumba. Nikaipiga ili niitafute. Ilikuwa chini ya mto, inatetemeka, na kwenye kioo imeandika: Mama Kelvini.

Kesho yake nilivaa vizuri nikaenda mjini, nikajikuta mbele ya lile jengo la vioo. Mlinzi akaniuliza nimekuja kumwona nani. Nikamwambia sikuja kumwona mtu, nina salamu. Akauliza salamu za nani. Nikamwambia zangu. Alinitazama kwa adabu, kijana wa watu, umri wa Kelvini wangu, kisha akaniomba nisogee pembeni kidogo, mama, gari la bosi linaingia.