Tone Lililokataa Kusimama

Majira ya baridi yale nilichoka hadi kwenye kope. Nilikuwa nasomea uzamivu katika maabara ya metali hapa Stockholm. Kazi yangu ilikuwa kuyeyusha kipande cha chuma juu ya kigae, ndani ya tanuri, kisha kulipiga picha tone lake. Chuma safi kikiyeyuka hujikusanya kama shanga, kwa kuwa uso wake unajivuta wenyewe. Ikipenya oksijeni, hata chembe tu, hukaa kwenye uso huo na kuulegeza, tone likatepeta.

Langu lilitepeta kila mara. Nilibadilisha mipira ya kuzibia, nikasafisha gesi inayopita tanurini, nikakaza nati hadi viganja vikachubuka. Wapi!

Mume wangu alikuwa akitunza wazee kwa zamu za usiku. Tulipishana mlangoni kwetu, mtaa wa Husby, mimi narudi, yeye anatoka na koti halijafungwa.

"Limesimama leo?"

"Limelala."

"Basi nawe kalale, mama. Ugali nimekufunikia."

Nilikula nimevaa viatu.

Asubuhi moja nilimwendea msimamizi wangu, Mswidi mzee asiye na maneno mengi, nikamwambia naacha. Alizitazama picha zangu kwa muda mrefu, moja baada ya nyingine.

"Unahangaika kuifukuza oksijeni," alisema polepole kwa Kiswidi, nimwelewe. "Haifukuziki yote. Ipime."

Nilikasirika. Nilitaka anionee huruma, yeye ananiongezea kazi. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi. Tulifunga kipimo cha oksijeni kwenye mkondo wa gesi, na oksijeni niliyokuwa nikipigana nayo tukaiingiza wenyewe, kidogo kidogo, kwa kiasi tunachokijua. Kadiri ilivyoongezeka, tone lilizidi kulala, kwa mpango sasa, na kila picha ikakubaliana na mwenzake. Sikushangilia. Niliketi sakafuni, mgongo ukutani, nikasikiliza tanuri likipoa.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyokuwa tasnifu yangu. Siku ya kuitetea, mume wangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare. Wakati maprofesa wananihoji, nilimwona amesinzia, mdomo wazi, kichwa kimeegemea bega la mama mmoja wa Kikenya, jirani yetu. Yule mama akaniashiria kwa mkono: endelea tu, mwache alale.

Nikaendelea.